Kifurushi Unalipa Wewe, Kioo Wanachagua Wao

Maji mengi yanayonywewa Handeni yanatoka Korogwe. Tangu miaka ya 1970, mradi unaojulikana kwa herufi tatu tu, HTM, umekuwa ukiyavuta kutoka Mto Pangani, katika kijiji kiitwacho Tabora wilayani Korogwe, na kuyasukuma hadi kwenye ukame wa Uzigua. Mabomba yalizeeka, mgawo ukarefuka, na wakazi wa Chanika, mjini Handeni, wanajua vizuri maana ya kuamka alfajiri kuwahi foleni. Lakini maji yakishatoka, hakuna anayeuliza mtu kaja na nini. Awe na ndoo, dumu au pipa juu ya mkokoteni, aliyelipia anakinga. Umeme nao ni vivyo hivyo. Kituo cha Hale, kilichoanza kazi 1964 kwa maji ya mto huohuo, kilijengwa kuzalisha megawati 21, na hakuna hata moja kati ya hizo inayobagua taa na pasi.

Televisheni ya kulipia haiko hivyo. Mtu wa Korogwe anaweza kuwa na dishi juu ya bati, king'amuzi mezani na ujumbe wa malipo ya mwezi kwenye simu, na bado akakuta alicholipia hakionekani kwenye kioo anachokitaka. Kwenye simu moja kinafungua, kwenye mbili hakifungui. Au kinacheza kwenye simu, kikipelekwa kwenye runinga kinagoma. Au kinacheza kwenye runinga ya jirani, ila si kwenye kile kiboksi cha Android kilichonunuliwa Kariakoo kwa bei nafuu. Mteja huishia kudhani simu yake ni mbovu au bando limekwisha, kumbe simu ni nzima na bando lipo. Kuna watu mahali fulani, Johannesburg, London au California, waliokaa wakaamua iwe hivyo, na uamuzi wao ukaandikwa ndani ya programu.

Mfano ulio karibu zaidi na Mtanzania ni wa Machi 2022. MultiChoice, kampuni ya Afrika Kusini inayoendesha DStv, iliwatangazia wateja kwamba kuanzia tarehe 22 ya mwezi huo akaunti moja itatazamwa mtandaoni kwenye kifaa kimoja tu kwa wakati mmoja. Kifaa cha pili kingeruhusiwa kuonyesha kile tu ambacho mteja alikuwa amekipakua kabla. King'amuzi cha nyumbani hakikuguswa. Kilichobanwa ni programu ya simu, kompyuta na runinga janja. Kampuni ilisema inapambana na watu wanaogawana maneno ya siri na wezi wa matangazo. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake. Wapo walioshirikisha akaunti moja ya kifurushi kikubwa watu ambao hawakuwa na udugu wala ujirani, kila mmoja akichangia kidogo, na kampuni ikapata malipo ya mtu mmoja.

Ila rungu lile lilimwangukia pia asiye na hatia. Familia za Handeni na Korogwe hazikai chini ya bati moja. Baba yuko kwenye shamba la mkonge, mama yuko Handeni na wadogo, mtoto mkubwa anasoma chuo Tanga mjini au Dar es Salaam, na dishi limefungwa pale penye umeme wa uhakika. Mzigua au Msambaa akisema "watu wa nyumbani kwangu" hahesabu vitanda. Kampuni za kuonyesha filamu na mpira mtandaoni zina hesabu nyingine. Netflix, ilipoanza kuwabana wanaogawana akaunti, kwanza kwa majaribio Chile, Costa Rica na Peru mwaka 2022, kisha Marekani na nchi nyingi Mei 2023, ilieleza kwamba nyumba ni watu wanaoishi mahali pamoja. Tafsiri hiyo ilitungwa kwa ajili ya watu wenye nyumba moja, intaneti moja na runinga moja sebuleni. Ilipofika huku ikakuta nyumba ambayo sebule yake iko Korogwe na vyumba vyake viko Segera, Mkata na Ubungo.

Mashine inajuaje kwamba simu ni mbili? Mteja anapoingia kwenye programu kwa namba na neno la siri, kompyuta za kampuni hukipa kifaa chake kitambulisho, mfano wa tiketi yenye jina. Kila baada ya muda mfupi, programu huirudisha tiketi ile kimyakimya kuuliza kama bado ina ruhusa ya kuendelea. Simu ya pili ikiomba tiketi wakati ya kwanza bado inatumika, jibu linakuwa hapana. Kwenye dishi mambo ni tofauti. Setilaiti humwaga picha ileile kwa kila paa, bila kujua nani anatazama, na kufuli liko kwenye king'amuzi au kadi yake. Ndiyo maana king'amuzi kimoja kinaweza kuonyesha mpira kwa watu mia katika ukumbi bila setilaiti kuhisi lolote, wakati programu ya simu inahesabu kila kichwa. Kadiri matangazo yanavyohama kutoka angani kuja kwenye intaneti, ndivyo kampuni zinavyopata macho ya kuona nani anatazama, wapi, na kwa chombo gani.

Kufuli la pili liko ndani ya simu yenyewe. Simu nyingi za Android zina mfumo wa Google uitwao Widevine, ambao kazi yake ni kulinda video zisinakiliwe. Una ngazi zake. Ngazi ya juu, L1, hufungulia video ndani ya sehemu salama ya kifaa chenyewe. Ngazi ya chini, L3, hufungulia kwa programu tu, na ni rahisi zaidi kuchezewa. Netflix na wenzake hukipa kifaa cha L3 picha ya ubora wa chini hata kama mteja amelipia ubora wa juu na intaneti ni ya kasi. Hapa ndipo panapomuumiza mtu wa kipato kidogo, kwa sababu mara nyingi simu na viboksi vya bei rahisi ndivyo vinavyokosa L1, au vinakosa kabisa idhini ya kampuni. Hakuna duka linaloandika jambo hilo kwenye boksi kwa herufi ambazo mnunuzi wa kawaida atazielewa.

Lipo la tatu, ambalo mafundi wa dishi wanaulizwa mara kwa mara. Mtu anaunganisha simu au kompyuta na runinga kwa waya wa HDMI, mpira unaanza, sauti inatoka, kioo kinakuwa cheusi. Anabadilisha waya. Anarudisha runinga kwa fundi. Huenda kosa halipo kabisa. Kwenye muunganiko wa HDMI huwa kuna ulinzi uitwao HDCP, uliobuniwa na Intel, ambao hukitaka kifaa cha pili kijitambulishe kabla picha haijapita. Kisipoweza, picha inazuiwa. Programu nyingi za televisheni huongeza katazo lao wenyewe, zikazuia kioo cha simu kisirushwe kwenye runinga wala kurekodiwa. Giza lile limewekwa makusudi.

Kuna huduma zilizouzwa na katazo hilo likiwa sehemu ya bidhaa. Showmax, ya kundi la MultiChoice, ilipozinduliwa upya Februari 2024 katika nchi za Afrika ilikuja na kifurushi cha Ligi Kuu ya Uingereza kwa simu peke yake. Mechi zote, kwa bei ndogo kuliko kifurushi kikubwa cha dishi. Afrika Kusini ilikuwa randi 69 kwa mwezi. Sharti lilikuwa kwamba mechi zitazamwe kwenye simu tu, bila kuzirusha kwenye runinga. Netflix ilikwenda mbali zaidi jirani tu hapa, ilipowapa Wakenya wenye simu za Android kifurushi cha bure Septemba 2021, kwa simu tu, kisha ikakifunga Novemba 2023. Kwa kijana mwenye simu nzuri na bando, mpango wa aina hiyo ni nafuu ya kweli, na lawama haifai kuwa kubwa pale ambapo sharti limesemwa mapema. Mnunuzi anajua anachonunua.

Sababu ya masharti hayo inaeleweka vizuri zaidi kwenye kibanda umiza. Korogwe ni mji wa barabara; mabasi ya Dar es Salaam na Arusha hupita usiku na mchana, na penye madereva, makondakta na vijana wa bodaboda hapakosi benchi la kutazama mpira. Mwenye kibanda hulipisha kiingilio kidogo, watu hamsini wakaona mechi kwa kifurushi kimoja. Kampuni zinavitenganisha vifurushi vya nyumbani na vya biashara ili mwenye baa na mwenye kibanda walipe zaidi. Kama mechi ingepatikana kwa bei ya simu kisha ikarushwa kwenye kioo cha inchi 55, hakuna mwenye kibanda ambaye angelipia dishi. Kuizuia simu isiguse runinga ni njia ya kulinda bei ya dishi. Watazamaji wa nyumbani wanaingia kwenye wavu uliotegwa kwa ajili ya kibanda.

Na nyuma ya kampuni ya televisheni yupo mwenye mali. Azam Media, ya kundi la Bakhresa, iliyoanza kurusha matangazo ya kulipia mwishoni mwa 2013, ilisaini na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF, Mei 2021 mkataba wa miaka 10 wa Ligi Kuu Tanzania Bara wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Anayetoa fedha za namna hiyo hawezi kuacha mlango wazi. Mikataba ya michezo siku hizi huuza haki vipande vipande: haki ya setilaiti, ya intaneti, ya simu, ya nchi hii, ya nchi ile. Kampuni inaweza kuwa na haki ya kuonyesha mechi Tanzania ikakosa ya kuionyesha Oman, na Mtanzania wa Muscat mwenye akaunti halali akafungua programu akakuta haimruhusu. Wengine hukimbilia VPN kuficha mahali walipo. Tanzania yenyewe, Oktoba 2023, kupitia Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliwataka wanaotumia VPN watoe taarifa zao hadi kufikia tarehe 30 ya mwezi ule.

Wamarekani walilipitia jambo hili mapema, na kisa chao kinasaidia kuona pale kulinda haki kunapogeuka kuwa kitu kingine. Mwaka 2009, Comcast, kampuni kubwa ya televisheni ya waya, na Time Warner, wenye chaneli ya HBO, walitangaza wazo kwamba mteja aliyelipia televisheni nyumbani aweze kuitazama popote kwa kuthibitisha akaunti yake. Ahadi ilikuwa nzuri. Tatizo lilikuwa kwamba ufunguo wa kuthibitisha ulibaki mkononi mwa kampuni ya waya. HBO Go, programu ya HBO, ilifika kwenye Roku, kidude kidogo kinachounganishwa na runinga, mwaka 2011, na wateja wa kampuni nyingine wakaingia. Wateja wa Comcast waliofanya vilevile, huku wakiwa wamelipia HBO mwezi kwa mwezi, walikataliwa. Akaunti ileile iliyofungua HBO Go kwenye simu yao haikuifungua kwenye Roku. Walisubiri hadi Desemba 2014. HBO Go ilipofika kwenye PlayStation 3 na baadaye PlayStation 4, wateja wa Comcast walikuta mlango umefungwa tena.

Comcast ilijitetea kwamba kila kifaa kipya kinahitaji kazi ya kiufundi na ya huduma kwa wateja, na kwamba inabidi ichague kipi kianze. Wakosoaji hawakuridhika, kwa sababu kampuni ilikuwa ikikodisha viboksi vyake yenyewe kwa malipo ya kila mwezi, na Roku ilikuwa mshindani wa viboksi hivyo. Roku walilipeleka suala hilo kwa mdhibiti wa mawasiliano wakati Comcast ilipotaka kuinunua kampuni nyingine ya waya, Time Warner Cable, ununuzi ulioachwa Aprili 2015. Mwezi huohuo HBO ilianza kuuza huduma yake mtandaoni bila kumtaka mteja awe na kifurushi cha televisheni ya waya. Katika kisa cha Comcast na Roku, sababu ya wizi haisimami. Mteja alikuwa halali, amelipa, na programu ilitoka kwa mwenye mali mwenyewe; kilichozuiwa ni chombo kisicho cha kampuni.

Marekani walikuwa na kumbukumbu ya kurejea. Mwaka 1968 mdhibiti wao wa mawasiliano aliamua, katika shauri la kifaa kilichoitwa Carterfone, kwamba kampuni ya simu haiwezi kumkataza mteja kuunganisha chombo chake mwenyewe kwenye mtandao ikiwa hakiuharibu. Simu za mezani za kila aina, mashine za faksi na modemu zilipita kwenye mlango uliofunguliwa na uamuzi ule. Jaribio la kuufanya uamuzi wa aina hiyo kwa viboksi vya televisheni lilipelekwa mbele ya mdhibiti Februari 2016. Lilikwama kabla ya kuwa kanuni.

Tanzania ina kisa chake cha kioo kufungwa, na hicho kiligusa nyumba nyingi zenye dishi. Mwezi Agosti 2018, watazamaji wa Azam, DStv na Zuku walikuta ITV, EATV, Clouds, Star TV na Channel Ten zimetoweka. TCRA ilisema leseni za kampuni hizo, ambazo ni za kulipia kupitia setilaiti, haziziruhusu kubeba chaneli za bure, maana mteja akiishiwa kifurushi ananyimwa chaneli ambazo ni haki yake bila malipo. Wenye ruhusa walikuwa ni waendeshaji wa mitambo ya ardhini: Star Media wenye StarTimes, Basic Transmission wenye Continental, na Agape wenye Ting. Hoja ya mamlaka ilikuwa ya kumtetea mwananchi, lakini matokeo yake yalikuwa mtu mwenye king'amuzi kizima kulazimika kutafuta cha pili ili azione chaneli hizo. Tanga mjini mitambo ya analojia ilizimwa Januari 31, 2013, na tangu siku ile antena bila king'amuzi haikufaa kitu. Kwa vijiji vya ndani, ambako mawimbi ya ardhini hayafiki vizuri, dishi ndiyo njia pekee ya uhakika. Mtu wa huko hakuwa na king'amuzi cha pili cha kununua ambacho kingemsaidia. Baadaye utaratibu ulibadilishwa na chaneli zikarudi kwenye madishi, baada ya wananchi kukaa muda mrefu bila chaneli hizo kwenye runinga walizozilipia.

Somo la 2018 ni kwamba kifungo cha kifaa kinaweza kutoka kwa kampuni au kwa serikali, na anayeumia ni yuleyule aliye mbali na mji. Na tofauti na mtu wa Dar es Salaam, wa Handeni hana akiba ya kujaribu. Netflix wenyewe wanakadiria kwamba saa moja ya video ya ubora wa kawaida hula takriban GB 1, na ya ubora wa juu hadi GB 3. Mechi moja na mapumziko yake ni kama saa mbili. Ukitoka kwenye lami ya Korogwe hadi Handeni, kilomita 65, mtandao unaanza kuyumba kadiri unavyoingia ndani. Mtu akinunua bando la mechi, akagundua dakika ya kwanza kwamba programu haikubali kioo chake, hela ile imepotea na mechi haimsubiri.

Kwa hiyo maswali yaulizwe dukani kabla fedha haijatoka mfukoni. Programu hii inakubali vifaa vingapi kwa wakati mmoja? Je, inaruhusiwa kwenye runinga au ni ya simu tu? Runinga yenyewe ni ya mwaka gani? Swali hilo la mwisho si la ziada: Desemba 2019 Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya runinga za Samsung za mwaka 2010 na 2011, zikiwa bado zinawaka vizuri kabisa. Kiboksi cha Android kijaribiwe mbele ya muuzaji, kwa programu ileile mteja anayokusudia kuilipia, si kwa YouTube, ambayo hufunguka karibu kwenye kila kitu. Na risiti itunzwe.

Sheria ipo upande wa mwuliza maswali. Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 zipo kanuni za kuwalinda watumiaji, na mteja ana haki ya kupewa maelezo ya huduma anayouziwa. Malalamiko huanza kwa kampuni. Isiporidhisha, yanakwenda TCRA. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, TCRA-CCC, ambalo wengi wa vijijini hawajawahi kulisikia. Lingefaa sana kama lingeyataka makampuni yaandike kwenye boksi la king'amuzi na kwenye ukurasa wa malipo, kwa Kiswahili na kwa maandishi yanayosomeka: vifaa vingapi, vya aina gani, na ubora gani wa picha kwa simu ipi. Kiwanda cha dawa huandika masharti yake. Mfuko wa mbegu unaouzwa Mkata huandikwa aina ya mbegu iliyomo. Kifurushi cha televisheni, kinachomgharimu mkulima fedha kila mwezi wa mwaka, kinauzwa kwa picha ya mchezaji na bei.

Hadi hapo, siku ya Simba na Yanga, mahali palipo na mtandao lakini hakuna dishi, simu moja itaegemezwa kwenye chupa ya soda juu ya meza ya duka. Mwenye simu atakaa katikati kwa sababu akaunti ni yake. Wawili watachungulia juu ya mabega yake, wa nne atasikiliza tu na kuuliza nani kafunga, na nyuma yao, ukutani, itakuwapo runinga kubwa imezimwa.